Hapa ni Njiwa Tu

Mambo yaliharibika Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, asubuhi, siku ambayo katika nyumba ile ilikuwa ya kufagia banda. Mke alipanda ngazi ya chuma na ufagio, kikwangulio na ndoo, kama alivyopanda kila Jumapili, na hakushuka. Mumewe alikuwa uani, amejiinamia kwenye simu. Alisikia kukwangua kumekoma, akadhani kazi imekwisha, akaendelea kusoma. Binti yao ndiye aliyetoka jikoni akauliza mama yuko wapi, na ndipo walipomkuta bandani amekaa chini, mgongo ukutani, manyoya kwenye nywele, anavuta hewa kama mtu anayeipitisha kwenye tundu la sindano.

"Mama, inuka," binti alisema.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Pumzi ije."

Njiwa mmoja, jike jeupe, alikuwa amesimama juu ya goti lake, anajichokoa mbawa. Hakuna aliyemfukuza.

Mume alikuwa fundi wa mageti. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Banda alilichomelea mwenyewe juu ya chumba chao cha kulala, kwa mabaki ya vyuma vya wateja, akalipaka rangi mara mbili, wakati nyumba aliyokuwa akilala mwenyewe haikuwa na rangi hata ya mara moja. Vumbi la njiwa lilishuka kwenye nyufa za dari na kutua kitandani, jeupe na laini. Kila asubuhi mke alikung'uta shuka na kusema, "Njiwa wako wamenipaka poda tena, nadhani wananitafutia mume." Kikohozi kilipoanza nacho kilikuwa cha kuchekea. Alisema anakohoa kama geti la mumewe lililonyimwa grisi. Wakacheka. Walicheka miezi kadhaa.

Zahanati walikuwa wameshakwenda na kurudi, na kila mara walipewa vidonge bila mtu kumgusa kifua. Safari hii nesi hakuwaacha hata wakae.

"Wewe wa kikohozi," alimwita kutoka dirishani, benchi zima lisikie. "Toka nje. Kaa pale karibu na pipa. Unataka kutumalizia watu?"

Mke akaenda akakaa karibu na pipa. Alivuta khanga yake akaziba mdomo, si kwa ajili ya nesi, ila inzi. Ndivyo wenye funguo za majengo wanavyopanga mambo: mgonjwa awekwe mahali ambapo hawatamwona, kisha waandike kwamba ameonekana.

Daktari siku ile alikuwa mgeni, mwanamke kijana ambaye bado hajafundishwa uvivu. Alimwita ndani, akamfungua nguo, akamsikiliza mgongoni muda mrefu huku amefumba macho.

"Nyumbani mnafuga nini?" aliuliza.

"Hatufugi," Fundi akawahi.

Mkewe aligeuza shingo akamtazama. Fundi hakuwa mwongo. Ila maisha yake yote swali lililotoka kwa mtu mwenye kalamu lilikuwa limeishia kwenye faini, na mdomo wake ulikuwa umejifunza kujibu kabla yeye hajaulizwa vizuri.

"Njiwa," mke alisema.

"Wengi?"

"Wachache tu, dokta," Fundi akasema.

"Ukiwahesabu wewe," mke akasema, "na mimi ninayewafagia nikihesabu, hatutapata jibu moja."

Daktari hakucheka. Aliwaeleza taratibu kwamba makohozi yaliyopimwa safari zilizopita hayakuonyesha kifua kikuu, mara mbili. Kwamba wako watu ambao mapafu yao hayapatani na vumbi la ndege, la manyoya na la kinyesi kikikauka. Kwamba ugonjwa huo ukikamatwa mapema na vumbi likiondolewa, mtu hupona. Ukiachwa, mapafu hukakamaa, na yakikakamaa hayarudi.

"Sisemi ndio huo. Hapa sina mashine. Nikimwandikia hospitali kuu bila sababu ya maana watanirudishia karatasi yangu waseme nabahatisha, wameshanifanyia hivyo. Sasa nisaidie, baba. Una wafugaji wenzako?"

"Ninao. Wengi. Tuna grupu kwenye simu."

"Waulize. Kama yupo mmoja aliyewahi kubanwa kifua hivi, alipimwa wapi, alipewa nini. Hata wawili tu, nitaandika kwa nguvu na watampokea. Na hao njiwa waondoke."

"Waende wapi?"

"Mbali na mama."

*

Binti alikuwa mpiga pasi kwa dobi wa barabarani. Siku nzima alisimama mbele ya moshi wa mkaa, na jioni hakuwa na maneno ya kuzungusha.

"Kwa hiyo unauliza lini?" alimwuliza baba yake.

"Hakuna cha kuuliza. Yule daktari ni mtoto. Grupu lina watu zaidi ya mia mbili, wengine wamefuga tangu sijazaliwa. Sijawahi kusikia hata mmoja anakohoa."

"Utasikiaje, baba? Si wewe unayewafuta?"

Mke, aliyekuwa amehamishiwa godoro sebuleni, alijifanya amelala.

Grupu liliitwa Wapenzi wa Njiwa, na mwanzoni watu waliandika walichotaka. Ukaja uchaguzi, wakatukanana. Ikaja mifungo, wakatukanana kwa maandiko. Kisha mjane mmoja wa mwanachama akaingia kwa simu ya marehemu akiomba mchango wa jeneza, na watu wakasema imezidi, mtu anafungua simu apumzike anakutana na jeneza. Mwenyekiti akaitisha kura: kipi kiruhusiwe, kipi kisiruhusiwe. Watu walipendekeza orodha ndefu, siasa nje, dini nje, mpira nje siku za wiki. Fundi, ambaye shule aliiacha kabla shule haijamwacha, ndiye aliyeandika sentensi iliyomaliza ubishi: *Hapa ni njiwa tu. Ya binadamu tuyaache mlangoni.* Vidole gumba vikamiminika. Mwenyekiti akamfanya admini wa pili.

Hakuwahi kupewa cheo chochote. Kazini wateja walimpunja wakimwita bosi. Kanisani alikaa nyuma. Mtaani mjumbe alimtuma soda. Sasa kulikuwa na mahali ambapo akibonyeza, maneno ya mtu yanafutika, na mtu huyo anaomba radhi. Alifuta kwa haki, bila kupendelea. Alimfuta mwenye mtoto aliyepotea. Alimfuta mwalimu aliyeuliza kwa nini mishahara haijaingia. Njiwa akivimba jicho, watu arobaini walijibu, wengine kwa sauti, wengine kwa picha, mpaka usiku. Njiwa akipiga chafya, ilikuwa kama msiba wa kitaifa. Na grupu likawa zuri. Kila mtu alilisifu kwa amani yake.

Jioni ile, baada ya maneno ya binti, ndipo Fundi alipomkumbuka Babu Redio.

Babu Redio alikuwa mzee anayetengeneza redio kwenye kibanda nyuma ya soko la mitumba, mfugaji wa siku nyingi, mtu wa kuandika mara moja kwa mwezi. Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, aliandika: *Jamani samahani. Kuna mtu humu akifagia banda mchana, jioni anapata homa na kubanwa kifua? Mimi sasa hata ngazi inanishinda. Nauliza tu.*

Fundi alikuwa kazini, miwani ya kuchomelea kichwani. Aliifuta hapohapo. Kisha, kwa sababu watu walikuwa wameshaiona, akaandika: *Babu, hapa ni njiwa tu. Kifua chako hakina mabawa.* Ilipata vicheko vingi kuliko kitu chochote alichowahi kuandika. Mzee alijibu, *Samahani admini,* na baada ya hapo hakuandika tena. Siku fulani, bila mtu kuona, akajitoa mwenyewe.

*

Mwenyekiti aliuza chakula cha mifugo. Duka lake lilinuka mashudu na dawa ya kupe, na ukutani kulikuwa na picha ya njiwa wake bingwa ndani ya fremu ya dhahabu. Fundi alisimama mbele ya kaunta huku wateja wakipita kwa pembeni yake, mmoja baada ya mwingine, na Mwenyekiti akiwahudumia kwanza wote, hata aliyekuja kuuliza bei tu.

"Sema, Fundi. Leo umekuja bila gunia."

"Nimekuja kwa ruhusa. Nataka kuuliza jambo kwenye grupu."

"Wewe ni admini. Tangu lini admini anaomba ruhusa?"

"Ni la kifua cha mama watoto."

Mwenyekiti aliweka chini kopo alilokuwa akipimia mtama. "Pole sana. Anaendeleaje?"

"Vibaya. Daktari anahisi ni vumbi la njiwa. Anataka nijue kama kuna wengine."

"Anahisi."

"Anahisi."

"Sasa Fundi, wewe ni mtu mzima." Mwenyekiti alishusha sauti, ya upole kabisa, sauti ya kumpooza mteja mdeni. "Jumapili ijayo tuna mnada. Watu wanatoka mbali. Ukiandika njiwa wanaua wake za watu, nani atanunua njiwa? Wake zao si watasoma?"

"Siandiki wanaua. Nauliza."

"Kuuliza ndiyo kuandika. Halafu kuna kanuni."

"Hili ni la njiwa, Mwenyekiti. Kinyesi ni cha nani? Si cha njiwa? Vumbi ni la nani?"

"La njiwa."

"Haya."

"Na kifua ni cha nani?"

Mteja aliyekuwa akingoja chumvi ya ng'ombe alicheka kidogo, akajikohoza kuficha. Mwenyekiti alitoa simu, akatelezesha kidole juu, juu zaidi, akaisoma kwa sauti: "Hapa ni njiwa tu. Ya binadamu tuyaache mlangoni." Akamgeuzia kioo. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Maneno mazuri. Sikuwahi kuona mazuri kuliko haya. Tumewafuta wangapi kwa maneno haya, mimi na wewe? Leo nikikuruhusu wewe, nitamwambia nini yule wa mtoto aliyepotea?"

Alifunga mtama kwenye mfuko, mkubwa kiasi, akausukuma juu ya kaunta. "Wapelekee njiwa. Huu sikudai. Na mama mpe tangawizi."

Fundi aliutazama ule mfuko. Alitaka kuuacha palepale, aondoke mikono mitupu kama mwanamume. Aliuchukua.

*

Aliandika mchana kweupe, amekaa kando ya geti la mtu lililokuwa halijakauka rangi. Aliandika akafuta, akaandika tena, akitafuta namna ya kumtaja mkewe ili asionekane ni binadamu. Mwisho akaandika hivi: *Wafugaji wenzangu. Vumbi la banda. Je, yupo ambaye yeye au mtu wa nyumbani kwake anakohoa muda mrefu na kukosa pumzi akifagia? Alitibiwa wapi? Naomba jibu, hata pembeni.*

Mara ile ile juu ya kioo yakatokea maandishi madogo kwamba mtu anaandika. Kisha kwamba watu wawili wanaandika. Kisha kadhaa. Fundi alisimama. Walikuwepo, basi, walikuwa wamekaa humo miaka yote na vifua vyao, wakizungumzia mahindi yaliyopondwa na chawa wa mabawa. Aliwaona wanaandika. Wakaacha. Mmoja akaanza tena, akaacha.

Ujumbe wake ukafutika. Mahali pake pakabaki kwamba umefutwa na msimamizi. Mwenyekiti akaandika: *Ndugu zangu, hata viongozi tunakosea. Kanuni haina mkubwa. Tuendelee na mnada.* Vidole gumba vikapanda, vilevile kama siku ile ya kura. Na kabla Fundi hajapata neno la kuweka, simu ikamwarifu kwamba yeye si mmoja wao tena.

Alijaribu kuwapigia wachache aliokuwa na namba zao. Mmoja alisema yuko msibani, na nyuma yake njiwa walisikika wakiguguma. Mwingine alisema, "Kaka, mimi mke wangu ni pumu ya kuzaliwa nayo," ingawa hakuwa ameulizwa habari za mke wake. Alipoombwa amwone daktari yule kijana, akasema mtandao unakatika.

*

Njiwa hawaondoki kirahisi. Hilo wanalijua wafugaji na hawalijui madaktari. Njiwa wa mashindano humpeleki ukamwacha, kwa sababu kazi yake duniani ni kurudi. Ili akae kwa mwingine lazima afungiwe kwenye banda la huyo mwingine mpaka asahau, na wenye mabanda wote walikuwa upande wa pili wa kidole cha Mwenyekiti. Fundi alikodi mkokoteni wa injini, akawapakia kwenye matenga, akawapeleka ng'ambo ya machimbo ya kokoto, mbali, mahali ambapo hakumjua mtu. Akafungua matenga, akageuka bila kutazama.

Alipofika nyumbani walikuwa wameshatangulia. Walijipanga juu ya paa mstari mmoja, jike jeupe katikati, wanamtazama akilipa nauli.

Mkewe alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda. Aliwatazama, akamtazama mumewe na matenga matupu kichwani, akaanza kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakataa kuisha, na binti akatoka na beseni. Kucha za mkono wa mke ulioshika beseni zilikuwa za rangi ya wino.

"Wachinje," binti alisema. Hakupandisha sauti.

"Wote?"

"Au mchinje mama. Chagua, baba. Mimi nakwenda kazini."

Aliwachinja wengine. Mikono iliyozoea chuma haikujua wepesi wa shingo zile. Wengine aliwaahirisha, akajiambia kesho. Banda aliliziba kwa turubai, na vumbi likapita chini ya turubai. Daktari kijana walipomrudia alisikiliza tena mgongo, akafumba macho tena, muda mrefu kuliko ile mara ya kwanza, kisha akauliza, "Wenzako wamesemaje?"

"Wanaendelea kufikiri," Fundi alisema.

"Mama hana muda wa kufikiriwa."

*

Kibanda cha Babu Redio kilikuwa kimefungwa kwa kufuli iliyoshika kutu. Mshona viatu alikuwa amehamia barazani hapo, naye alimjibu Fundi bila kuinua macho kutoka kwenye soli.

"Mzee alichukuliwa na mwanawe. Zamani kidogo."

"Alikuwa anaumwa?"

"Alibebwa kwenye kiti. Kile kiti chake chenyewe, na mto wake. Hakuweza kutembea kutoka hapa mpaka pale garini, hewa ilikuwa haimtoshi." Alipiga msumari. "Watu wake wa njiwa hawakuja hata mmoja. Nikamwuliza, mzee, hawana habari? Akasema, wana njiwa."

"Hukusikia alitibiwa wapi? Alipewa nini?"

"Wewe ni nani yake?"

Fundi alitazama kufuli. "Mfugaji mwenzake," alisema.

Mshona viatu sasa aliinua macho, akamkagua toka viatu mpaka kofia, kama anayepima bei. Akamwonyesha namba ya simu ya mzee, iliyokuwa imeandikwa kwa chaki kwenye mlango siku zote, kwa wenye redio zao.

Nyumbani Fundi alimkuta mkewe sebuleni, ameegeshwa kwa mito, kwa maana kulala chali kulikuwa kumeshamshinda. Juu ya dari, njiwa waliobaki walikuwa wakitembea. Kucha zao zilisikika. Alipiga namba ile, haikupatikana. Akapiga tena. Kisha akaandika, akimsomea mkewe kila neno: *Shikamoo Babu. Ni mimi Fundi wa grupu la njiwa. Kile kifua ulichotuuliza, ulikwenda hospitali ipi? Kilipona?* Akatuma. Ikatokea tiki moja, ya kijivu. Wakaitazama wote wawili, kichwa kwa kichwa, kama zamani walivyotazama picha za harusi za watu.

"Amejibu?" mke aliuliza baada ya kitambo.

"Bado."

Akavuta pumzi moja, akapumzika, akavuta nyingine, anakusanya za kutosha sentensi.

"Kumbe aliwauliza."

"Aliuliza."

"Kabla mimi sijaanza."

"Kabla."

Jike jeupe lilishuka kwenye dirisha, likakunja mbawa, na vumbi kidogo likaingia kwenye mwanga. Mke aliliangalia lile vumbi likishuka mpaka lilipotua kwenye mkono wake. Hakulipangusa.

"Na wewe ndiye uliyekuwa admini," alisema. "Ulimjibu nini?"